Klasi Isiyoingia Daftarini

Miaka mia moja na kitu iliyopita, Diff haikuwa mpakani. Sehemu hiyo ya Wajir Kusini ilikuwa ndani kabisa ya ardhi iliyodaiwa na Waingereza, na mpaka wao na Waitaliano ulikuwa mbali mashariki, kwenye Mto Juba. Tarehe 15 Julai 1924 Uingereza ilitia sahihi mkataba wa kuikabidhi Italia eneo la Jubaland, na mwaka uliofuata makabidhiano yakafanyika. Mstari ukaondoka mtoni ukaja kukaa karibu na longitudo ya 41 mashariki, kwenye nyika isiyo na mto wala mlima wa kuuonyesha. Wafugaji wa Ogaden, waliozoea kufuata mvua na ngamia wao pande zote mbili, wakajikuta na malisho katika himaya mbili na jamaa wa ukoo mmoja katika nchi mbili.

Tangu hapo, kila serikali iliyotawala kutoka Nairobi imewauliza watu wa Diff na wenzao wa Wajir, Garissa na Mandera swali lilelile: nani ni wa upande huu? Majibu yaliyoandikwa kwenye sheria hayakuwa orodha za majina. Yalikuwa sifa: Msomali, mgeni, mwenyeji, kabila hasimu, mkimbizi. Na kila mara serikali ilipojaribu kuigeuza sifa kuwa orodha, orodha ilikataa kutulia.

Ipo sayansi iliyoshughulika na tatizo hilohilo katika miaka hiyohiyo, ingawa wahusika wake hawakuwahi kuisikia Wajir. Ni nadharia ya seti, na tarehe zake zinakwenda sambamba na za Kaskazini Mashariki kwa namna ya kushangaza.

Mwaka 1902 serikali ya himaya ilipitisha sheria ya wilaya za pembezoni, iliyoruhusu eneo kutangazwa kuwa limefungwa, mtu wa nje asiingie bila kibali. Mwezi wa Juni mwaka huohuo, Bertrand Russell alimwandikia barua Gottlob Frege, mwanamantiki wa Jena aliyekuwa karibu kutoa juzuu la pili la kazi yake kubwa ya kuijenga hesabu juu ya mantiki. Frege alikuwa ameamini kwamba kila sifa inayoelezeka ina mkusanyo wake: taja sifa, na wote walio nayo wamekwisha kuwa kitu kimoja. Russell akachukua sifa ya mkusanyo kutokuwamo ndani ya nafsi yake, kisha akauliza: mkusanyo wa mikusanyo yote ya namna hiyo, je, umo ndani ya nafsi yake? Ukijibu ndiyo, jibu linakuwa hapana. Ukijibu hapana, linakuwa ndiyo. Frege aliona mara moja kwamba msingi wake umepasuka, akaongeza kiambatisho cha kukiri hivyo mwishoni mwa kitabu.

Dawa ilikuja mwaka 1908 kutoka kwa Ernst Zermelo. Sifa peke yake, alisema, haina uwezo wa kuumba seti. Kazi yake ni kuchuja. Huruhusiwi kusema "wote walio hivi". Unaruhusiwa kusema "wote walio hivi miongoni mwa hawa", na "hawa" lazima wawe wamekwisha kupatikana. Mwaka 1925, Jubaland ilipokuwa ikibadilisha mikono, kijana wa Budapest aitwaye John von Neumann alichapisha mpango ulioilegeza adhabu hiyo. Mikusanyo mikubwa mno isifukuzwe, alishauri, ila isipewe ruhusa ya kuwa mwanachama wa mkusanyo mwingine wowote. Paul Bernays na Kurt Gödel waliunyoosha mpango huo baadaye, na mikusanyo ya aina hiyo inaitwa klasi halisi. Unaweza kuieleza klasi halisi, na unaweza kuuliza kama kitu fulani kimo ndani yake. Huwezi kuifunga ukaiweka ndani ya chombo kingine. Jumla ya seti zote ni klasi ya namna hiyo.

Wakazi wa Wajir, bila shaka, wana idadi yenye mwisho, na hakuna mwanahisabati atakayewaita klasi halisi. Kinachohusu historia yao ni onyo la Zermelo: sifa inayoelea bila "hawa" wa kuichujia haikupi kundi unaloweza kulishika.

Watawala wa kikoloni walifika kaskazini wakiwa na sifa nyingi na orodha chache. Maafisa wa kwanza walitumwa huko mwaka 1909, na mwaka uliofuata Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikaundwa, ile ambayo wazee bado wanaiita kwa herufi zake tatu, NFD. Mwaka 1926 ikatangazwa kuwa wilaya iliyofungwa: wa nje wahitaji kibali kuingia, wa ndani wahitaji pasi kutoka.

Kusini, mijini, kulikuwa na Wasomali wengine. Hawa walikuwa zaidi Waisaaq na Waharti, waliofika kama askari, mabaharia, watumishi wa misafara na wafanyabiashara wa mifugo. Sheria ya mwaka 1919 iliwaondoa Wasomali wa aina fulani katika baadhi ya masharti yaliyowabana wenyeji. Mtu angeweza kuwa Msomali na mwenyeji mbele ya kifungu kimoja, na Msomali asiye mwenyeji mbele ya kifungu kingine. Mgogoro ulifika kileleni kwenye nusu ya pili ya miaka ya 1930, wakati wa kodi ya kichwa kwa wasio wenyeji. Waisaaq walidai wawekwe daraja moja na Waasia, na walikuwa tayari kulipa kodi kubwa zaidi ili wapate daraja hilo. Ni nadra mlipa kodi kugoma kwa sababu ametozwa kidogo. Lakini wao walijua kwamba daraja ndilo lililoamua mtu aishi wapi, atibiwe wapi na asikilizwe na mahakama gani.

Wafugaji wa NFD walikuwa na njia yao ya kuamua nani ni nani, na ilikuwa sahihi kuliko ya karani. Mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi: jina lake, la baba, la babu, na kuendelea juu hadi kwa mzee aliyeuzaa ukoo. Watu wawili wasiojuana wakikutana kisimani, kila mmoja hutaja mlolongo wake mpaka wakutane kwenye jina moja, na jina hilo ndilo linaloamua watadaiana nini, watalipana diya vipi, nani ana haki ya kunywesha kwanza. Kila mlolongo una kikomo juu. Chini hauna, kwa sababu ukoo ni wote waliozaliwa na watakaozaliwa. Utaratibu huu hauhitaji daftari. Unatosha kumweka mtu yeyote anayesimama mbele yako mahali pake, bila mtu yeyote kuwa amewahi kuuhesabu ukoo mzima.

Serikali ilipouchukua ukoo na kuutia sheriani, mambo yaligeuka. Sheria ya uhalifu wa mifugo ya mwaka 1933 na ile ya utawala wa wilaya maalumu ya mwaka 1934 ziliwapa maafisa uwezo wa kulitangaza kabila zima kuwa hasimu, kisha kuwakamata watu wake, kuwazuia na kutwaa mali yao kwa kosa la mmoja wao. Mtu akawa hasimu kwa kuzaliwa.

Hapa ndipo sehemu ya pili ya nadharia ya seti inapofaa. Mwaka 1938 Gödel alitangaza matokeo yaliyotumia klasi halisi kwa kazi ambayo hakuna aliyeitarajia: aliifanya kuwa ulimwengu. Alichagua, kati ya seti zote, zile tu zinazoweza kujengwa hatua kwa hatua kwa kanuni zilizo wazi, kisha akazisoma upya aksiomu zote kana kwamba hakuna kitu kingine. Kila palipoandikwa "kila seti", yeye akasoma "kila seti iliyomo humu". Aksiomu zote zikabaki za kweli. Pamoja nazo, dhana ya kontinuumu ya Georg Cantor, inayohusu ukubwa wa seti zisizo na mwisho na ambayo hakuna aliyeweza kuithibitisha nje, ndani humo ikawa kweli. Klasi iliyotumiwa hivyo ni modeli: sentensi hazibadiliki hata herufi moja, kinachobadilika ni eneo ambalo "kila" na "wote" wanaruhusiwa kulitazama.

NFD ilikuwa modeli ya namna hiyo ndani ya koloni, na baadaye ndani ya jamhuri. Sheria zilizosema "kila mtu" zilikuwa na maana moja Nyeri na maana nyingine Wajir.

Mwaka 1962, baada ya mkutano wa Lancaster House kuhusu katiba ya Kenya, Uingereza iliwatuma makamishna wawili, G.C.M. Onyiuke wa Nigeria na Meja Jenerali M.P. Bogert wa Kanada, wakawaulize watu wa NFD wanataka nini. Walizunguka, wakasikiliza mabaraza, na mwezi wa Disemba wakaripoti kwamba katika sehemu wanazoishi Wasomali, walio wengi mno wanataka kujiunga na Somalia. Tarehe 8 Machi 1963 waziri wa makoloni, Duncan Sandys, alitangaza uamuzi tofauti: eneo la Wasomali litakuwa jimbo la saba la Kenya. Siku chache baadaye Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Garissa, Wajir na Mandera zikawa Kaskazini Mashariki. Isiolo, Marsabit na Moyale zikapelekwa Mashariki.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Disemba 1963. Kabla mwezi huo haujaisha, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kaskazini Mashariki kwa sababu ya mapigano ya shifta, wapiganaji waliotaka eneo lijiunge na Somalia. Vita vyenyewe vilikoma baada ya makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Hali ya hatari haikukoma. Iliondolewa Novemba 1991, miaka 28 baada ya kutangazwa.

Mwaka huohuo wa 1963 Paul Cohen, Mmarekani, alionyesha upande wa pili wa kazi ya Gödel: upo pia ulimwengu unaotii aksiomu zilezile ambamo dhana ya Cantor si kweli. Aksiomu, kwa hiyo, hazikuwa na neno la mwisho. Ilibidi kuuliza unasimama katika ulimwengu upi.

Mkenya wa Kaskazini Mashariki hakuhitaji kuambiwa. Kanuni za mwaka 1966 za mkoa huo na wilaya zinazopakana nao, yaani Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, ziliruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Zilisimamisha pia vifungu vya sheria ya mwenendo wa jinai vinavyotaka uchunguzi ufanywe mtu anapokufa mikononi mwa dola. Vifungu hivyo havikufutwa katika vitabu. Viliendelea kusema "kila" kama kawaida; ila "kila" yao haikuvuka mipaka ya wilaya hizo. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kinga, iliyozuia maafisa kushtakiwa kwa waliyoyatenda huko kati ya Disemba 1963 na Disemba 1967.

Matokeo ya sifa kukutana na kizuizi cha namna hiyo yalionekana Februari 1984. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka Wajir na vijiji vya jirani, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Kilichowakutanisha pale ni ukoo. Hapakuwa na hati ya mashtaka yenye majina. Mbunge wa Wajir Magharibi, Ahmed Khalif, aliipeleka habari Bungeni. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikadiria kwamba waliokufa walikaribia 1,000. Kwa kuwa waliingia uwanjani bila orodha, hesabu ya waliotoka imebidi kujengwa na familia, jina kwa jina, kwa miongo minne.

Novemba 1989 ulifanyika uchujaji mkubwa zaidi. Wakenya wote watu wazima wa asili ya Kisomali walitakiwa kufika mbele ya jopo la maafisa na wazee, wakiwa na vitambulisho vyao vya taifa, na kueleza ukoo, tawi la ukoo na chifu wao. Aliyepita alipewa kadi ya pinki, ya kubeba pamoja na kitambulisho.

Kwa juu juu, zoezi hilo linafuata kanuni ya Zermelo: chukua daftari la Wakenya lililokwisha kuwapo, lichuje kwa sifa. Kasoro ilikuwa katika jinsi sifa yenyewe ilivyopimwa. Waliokuwa kwenye daftari walichujwa kwa abtirsi, yaani kwa kipimo kisichojua mpaka wa 1925. Mwogaden wa Diff na Mwogaden wa Afmadow hutaja babu walewale. Kipimo kilichotungwa ili kumpata jamaa popote alipo kilitakiwa kisimame kwenye longitudo ambayo hakijawahi kuiona.

Somalia ilipoporomoka mwaka 1991, kambi za Dadaab zilifunguliwa, na daftari jipya likaanza: la wakimbizi, lenye alama za vidole. Katika miaka ya ukame, familia nyingi za Kikenya kutoka Garissa na Wajir zilijiandikisha humo ili zipate mgao wa chakula, matibabu na shule. Watoto walioandikishwa na wazazi wao walipofika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mashine iliwatambua kuwa wakimbizi. Madaftari mawili yaliyotungwa yasikutane yalikuwa yameshiriki majina, na aliyekuwa katika yote mawili alichukuliwa kana kwamba hayumo katika lile la kwanza. Shirika la Haki na Sheria la Garissa lilibeba kesi zao kwa miaka mingi.

Walioomba kitambulisho bila tatizo hilo nao walikuwa na kamati ya kupiga msasa: wazee, chifu, maafisa wa usalama, siku maalumu, maswali ya ukoo. Mwombaji wa Kirinyaga hakukutana nayo. Wanaofahamu modeli za klasi halisi watautambua mwenendo huu. Ndani ya nadharia ya Zermelo huwezi kuandika sentensi moja inayosema kwamba klasi fulani inatii aksiomu zote kwa pamoja. Unachoweza ni kuithibitisha aksiomu moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, bila mwisho. Vivyo hivyo, hakuna kamati iliyowahi kutamka kwamba watu wa Diff ni Wakenya. Ilitamka kwamba huyu ni Mkenya, kisha ikamwita anayefuata. Mtoto wa aliyepita jana alianza upya.

Kuhesabu watu kulipaswa kuwa rahisi zaidi, kwa sababu sensa haiulizi uraia. Inauliza nani alilala hapa usiku ule. Sensa ya mwaka 1999 ilipata watu 962,143 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Ile ya 2009 ikapata 2,310,757, na Mandera peke yake ikapanda kutoka 250,372 hadi 1,025,756. Tarehe 31 Agosti 2010 waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, alisema kwamba takwimu za wilaya nane hazikubaliki, zikiwamo Lagdera, Wajir Mashariki na wilaya tatu za Mandera. Viongozi wa eneo walikwenda mahakamani na mvutano ukachukua miaka.

Kila upande ulikuwa na hoja. Serikali ilisema watu hawazaani kwa kasi hiyo. Wenyeji walisema sensa za awali ndizo zilizokosea: karani hakufika kwenye malisho, na familia zilizoishi chini ya hali ya hatari hazikuwa na haraka ya kujitokeza mbele ya mtu mwenye daftari.

Sensa ya 2019 ikageuza mambo. Garissa ilipata watu 841,353, Wajir 781,263, na Mandera 867,457, pungufu ya idadi yake ya miaka kumi nyuma. Safari hii malalamiko yalitoka kaskazini, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa iliyafuta matokeo ya kaunti zote tatu na kuamuru watu wahesabiwe upya. Mwezi uliofuata, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa msasa wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho wa kaunti za mpakani.

Idadi ya watu ni kimojawapo cha vigezo vya mgao wa fedha za kaunti, na ndiyo inayotumiwa kuchora maeneo bunge na wadi. Diff ni mji katika wadi ya mpakani ya Wajir Kusini, eneo bunge ambalo mfugaji anaweza kulivuka kwa ngamia siku kadhaa bila kukutana na karani. Karani huyo akija kuhesabu tena, atawakuta baadhi ya watu wake upande wa pili wa longitudo wakisubiri mvua, wakiwa na kitambulisho cha Kenya mfukoni, na itabidi aamue kama usiku ule walilala hapa.